UCAT: Mtihani wa saa mbili unaowachuja waombaji wa udaktari Uingereza

Katika familia za Afrika Mashariki zinazoishi Uingereza, swali hili hujirudia kila mwaka: mtoto ana alama nzuri za biolojia na kemia, walimu wanamsifu, mbona hajaitwa hata kwenye usaili wa chuo cha udaktari? Huenda jibu likawa kwenye mtihani ambao wazazi wake hawakuwahi kuusikia. Waliosoma Tanzania au Kenya walizoea kwamba matokeo ya kidato cha sita au cha nne ndiyo yanayofungua mlango wa chuo. Uingereza kuna mlango mwingine kabla ya huo, nao unaitwa UCAT.

Mtihani huu ulianza mwaka 2006 ukiitwa UKCAT, kisha mwaka 2019 ukapewa jina la sasa. Kwa miaka mingi baadhi ya vyuo, vikiwemo Oxford na Cambridge, vilitumia mtihani mwingine wa BMAT. Huo ulifanyika kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na vyuo hivyo vikahamia UCAT. Kwa hiyo anayetaka udaktari Uingereza leo ni vigumu kuukwepa.

UCAT haupimi biolojia wala kemia. Unapima jinsi mtu anavyosoma, anavyopima hoja, anavyokokotoa na anavyoamua, tena kwa haraka. Una sehemu nne tangu mwaka 2025, ilipoondolewa sehemu ya kutambua ruwaza za maumbo. Vitabu vya mazoezi vilivyochapishwa kabla ya hapo bado vinauzwa na kuazimwa, basi ukirithi kitabu cha kaka au dada, angalia mwaka.

Sehemu ya kwanza ni ya kusoma: vifungu 11, maswali 44, dakika 22. Yaani nusu dakika kwa kila swali, ukijumlisha na muda wa kusoma kifungu chenyewe. Hapa ndipo wanafunzi wengi hodari hujikwaa, kwa sababu hujibu kwa kile wanachokijua badala ya kile kilichoandikwa. Tuchukue mfano wetu wenyewe. Kifungu kinasema kijiji kilichimba visima viwili, na mwaka uliofuata wagonjwa wa kipindupindu wakapungua. Kisha unaambiwa: visima ndivyo vilivyopunguza ugonjwa. Kweli, si kweli, au haiwezekani kujua? Anayejua habari za kipindupindu atakimbilia kusema kweli. Jibu ni kwamba haiwezekani kujua, maana kifungu hakikutaja sababu.

Sehemu ya pili, ya maamuzi, ina maswali 35 kwa dakika 37. Ni mafumbo ya mantiki, michoro ya makundi na uwezekano. Ya tatu ni hesabu, maswali 36 kwa dakika 26. Hesabu zenyewe ni za asilimia, uwiano na kusoma majedwali, si ngumu kwa aliyefaulu kidato. Kinachopoteza muda ni kikokotoo cha kwenye skrini, na ndiyo maana tunashauri mazoezi yafanywe kwenye kompyuta, si kwenye simu wala karatasi.

Kila moja ya sehemu hizi tatu hupewa alama kati ya 300 na 900, hivyo jumla ya juu kabisa ni 2700. Jibu lisilo sahihi halikatwi alama. Kuacha swali tupu ni hasara bure. Likikushinda, kisia, liwekee alama ya kulirudia, songa mbele.

Sehemu ya nne inahitaji maelezo zaidi kwa wasomaji wetu. Ina maswali 69 kwa dakika 26, na inapima mwenendo: mwanafunzi wa udaktari amekutana na hali fulani wodini, je, hatua aliyochukua inafaa? Matokeo hutolewa kwa madaraja manne, na vipo vyuo visivyompokea aliyepata daraja la nne. Sasa fikiria swali ambalo daktari bingwa anataka kumgusa mgonjwa bila kunawa mikono. Mtoto aliyelelewa kwamba mkubwa hakosolewi atachagua kunyamaza. Mtihani unataka aseme, kwa adabu, papo hapo, kwa sababu usalama wa mgonjwa unatangulia cheo. Heshima haijakatazwa, kunyamaza ndiko kulikokatazwa. Njia nzuri ya kujiandaa ni kusoma mwongozo wa maadili wa Baraza Kuu la Madaktari la Uingereza, ambao ni wa bure, na kuujadili nyumbani.

Na gharama? Ada ya mwaka 2025 ilikuwa pauni 70 kwa anayefanyia Uingereza. Wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo, kwa mfano wanaopata chakula cha bure shuleni, wanaweza kuomba kusamehewa ada yote, lakini waombe mapema. Kozi za kulipia zinatangazwa kila kona na baadhi ni ghali mno. Kwa maoni yetu, mzazi asikope kwa ajili yake. Tovuti rasmi ya UCAT inatoa bure maswali na mitihani kamili ya majaribio, na wiki sita hadi nane za mazoezi ya kila siku, saa moja au mbili, zinawatosha wengi. Anza bila saa ili uelewe aina za maswali, kisha weka saa na usiitoe tena.

Mtihani hufanyika kati ya Julai na mwishoni mwa Septemba, mara moja tu kwa msimu, na matokeo yake hayahamishiwi mwaka unaofuata. Kwa hiyo anayeamka na homa siku ya mtihani asijikaze kisabuni. Aulize taratibu za kuahirisha kabla hajaingia chumbani, kwani akishaukalia mtihani alama zake zitabaki hizo.

Matokeo yanapatikana kabla ya tarehe ya mwisho ya maombi, 15 Oktoba. Mwombaji anaruhusiwa kuchagua vyuo vinne tu vya udaktari, na kila chuo kina namna yake ya kuzitumia alama: kingine kina kiwango cha chini kisichovukwa, kingine huzichanganya na matokeo ya shule. Mwenye alama za wastani na matokeo mazuri ya shule atafute hivyo vya kundi la pili kabla hajajaza fomu.