Rooibos: chai iliyogeuka losheni, na jina lenye wenyewe

KATONI za losheni na sabuni zenye neno ‘rooibos’ zikifika mpakani, mwenye mzigo ajue anachobeba. Mmea huo, ambao jina lake kwa Kiafrikana ni kichaka chekundu, humea kiasili sehemu moja tu duniani: milima ya Cederberg na maeneo jirani, Afrika Kusini.

Wakhoi na Wasan waliuchuma tangu zamani. Mwaka 1904 Benjamin Ginsberg akaanza kuununua kwa wenyeji na kuuza kama chai. Matawi membamba hukatwakatwa, huloweshwa, hurundikwa hadi yawe mekundu, kisha huanikwa juani. Yakikaushwa haraka hubaki kijani, na hayo ndiyo yenye aspalathini nyingi, kiambato ambacho watengenezaji wa vipodozi hukitaka.

Safari ya kuingia kwenye kopo la krimu ilianza mwaka 1968. Mama mmoja, Annique Theron, aliona mtoto wake mchanga msumbufu ametulia baada ya kunywa maziwa yenye rooibos. Akaandika kitabu, kisha akatengeneza vipodozi. Leo wengi hupaka kwa ngozi kavu au inayowasha. Kuilainisha ngozi ni jambo moja. Anayemwambia mteja kwamba inaponya pumu ya ngozi anauza maneno.

Wenyeji nao wamepata chao, ingawa wamechelewa sana. Kwa makubaliano ya mwaka 2019, asilimia 1.5 ya bei ya shambani hutengwa kwa ajili ya Wakhoi na Wasan. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya ukalilinda jina: huko, chai isiyotoka eneo hilo haiwezi kuitwa rooibos.

Kwa mchuuzi wa Afrika Mashariki, penye mtego ni asili ya bidhaa. Tanzania imo SADC, hivyo mzigo wenye cheti cha asili cha jumuiya hiyo unaweza kupata nafuu ya ushuru. Kenya na Uganda hazimo. Losheni hiyo ikivushwa Namanga haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki, na cheti rahisi cha mizigo isiyozidi dola 2,000 hakiihusu, hata ikiwa ni katoni mbili.

Kuna pia lebo. Tanzania, vipodozi vimekuwa chini ya TBS tangu 2019. Krimu yenye zebaki au haidrokwinoni imepigwa marufuku hata ikichorwa majani ya rooibos, kwa hiyo orodha ya viambato isomwe dukani, kabla ya kulipa.