"A" au "an": sikio ndilo mwamuzi

Mtu aombaye ukarani akaandika kwamba yeye ni "a honest man" amekwisha kujiharibia barua yake katika mstari wa kwanza, hata kama ni mwaminifu kweli. Ilipasa "an".

Wengi wetu tulifundishwa kuweka "an" mbele ya a, e, i, o na u, basi. Kanuni hiyo ni nusu tu ya kweli. Kinachoamua si herufi iliyoandikwa, bali sauti itokayo kinywani. H ya "honest" na ya "hour" haitamkwi, kwa hiyo husemwa "an hour". Mkulima naye husema "an ox", lakini kondoo jike ni "a ewe", kwa kuwa neno hilo hutamkwa "yu", kama mwanzo wa "university". Mwenye shahada ana "a B.A." au "an M.A.", M husomwa "em". Ukiwa na shaka, isome barua kwa sauti kabla ya kuifunga.

Waingereza wenyewe sikio liliwahi kuwadanganya. Aproni ya mpishi hapo kale iliitwa "napron". "A napron" ikasikika kama "an apron", na ile n haijarudi mahali pake hata leo.