Wapelelezi wastaafu waalikwe shuleni

Neno "zoezi" limetokana na kitenzi "kuzoeza", yaani kumfanya mtu azoee. Yamkini askari mpelelezi anaufahamu ukweli huu kuliko wengi wetu. Kazi yake ni kurudia: kuuliza swali lile lile mara kumi, kuzipitia upya taarifa za mashahidi, kukesha akingoja. Mwili usiozoezwa hauihimili kazi hiyo.

Ndiposa sioni ajabu mpelelezi akistaafu kisha akawa mkufunzi wa mazoezi ya viungo. Kazi hizo mbili zimekaa pamoja katika polisi tangu zamani. Kipchoge Keino alikuwa askari polisi na mkufunzi wa mazoezi alipotwaa dhahabu ya mita 1,500 jijini Mexico mwaka 1968, kwa dakika 3 na sekunde 34.9. Mwaka 1972, jijini Munich, alitwaa nyingine katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Pia alilea mayatima, na baadaye akaanzisha shule Eldoret.

Je, shule zetu zinawatumia wastaafu wa aina hii? Kipindi cha mazoezi ya viungo kimo katika ratiba, lakini mara nyingi humezwa na hisabati mitihani inapokaribia. Mwalimu hulaumiwa, ilhali hana msaidizi. Basi na tumwalike mstaafu wa mtaani, chini ya usimamizi wa mwalimu, angalau mara moja kwa juma. Kijana asiyezoezwa kujitawala uwanjani atajifunzia wapi? Samaki mkunje angali mbichi.