Paka akikojoa kwenye kochi, usikimbilie fimbo

UMETOKA kazini jioni, msongamano wa magari umekuchosha, unafungua mlango na kulakiwa na harufu kali ya mkojo. Paka amekojoa kwenye kochi tena. Watoto wanatazamana kimya, na baba amekwisha kata shauri: kesho paka atiwe guniani akatupwe sokoni.

Ngoja kwanza. Paka ni mnyama msafi, na akilikwepa karai lake la mchanga huwa ana sababu.

Anza na afya yake. Mtazame anapochuchumaa. Akienda mara kwa mara, akilia, akitoa matone tu au mkojo wenye damu, huyo ni mgonjwa. Hatari kubwa iko kwa dume. Njia yake ya mkojo ni nyembamba, na ikiziba kabisa anaweza kufa kwa siku moja au mbili. Usingoje asubuhi, mpeleke kwa daktari wa mifugo mara moja. Huenda huyo unayemwita mtundu anaumwa.

Akiwa mzima, chunguza karai. Wewe mwenyewe hupendi choo kichafu. Zoa uchafu kila siku, na mara moja kwa wiki umwage mchanga wote na kuliosha karai kwa sabuni. Liweke mahali patulivu, mbali na chakula chake. Mkiwa na paka wawili, makarai yawe matatu. Mama mjamzito asizoe, kwani kinyesi cha paka chaweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru mtoto tumboni.

Dume anayesimama wima na kurusha mkojo ukutani anatia alama mipaka yake. Mpeleke akahasiwe, wengi huacha.

Je, kochi lenyewe? Lifyonze kwa kitambaa kikavu, kisha lioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya unga yenye vimeng'enya. Usitumie dawa yenye amonia; hunuka kama mkojo na itamrudisha pale pale. Wala usimwage dawa ya klorini juu ya mkojo, maana mvuke wake hudhuru mapafu.

Na fimbo? Paka aliyechapwa haelewi kosa lake. Hujifunza kukuogopa tu, na kesho atakojoa uvunguni mwa kitanda, usikoona.