NILIKATA RUFAA BILA WAKILI... DEMU SIKUMPATA!

Msala wangu ulianzia kwenye redio. Mchumba aliponipiga chini, redio yangu ikabaki kwao. Nikaenda kuidai mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Hiyo ya tatu ilikuwa usiku, nikabwata hadi majirani wakatoka na mablanketi mabegani. Baridi ya Kifungilo si unaijua?

Wiki haijaisha, nikaitwa mahakama ya mwanzo (jina kapuni) kwa kosa la lugha ya matusi. Nilikuwa na shahidi mmoja, hakusikilizwa. Nikala faini, nikatia sahihi kutunza amani mwaka mzima na nisikanyage kwao. Kasheshe ni kwamba njia tunayopitishia karoti kwenda barabarani inapita mlangoni kwao!

Wakili? Hela ningeitoa wapi, kwenye karoti hizohizo?

Nikaenda Lushoto mjini, Mahakama ya Wilaya. Karani, mama wa makamo, akasoma kurasa zangu nne, akanirudishia.

"Mwanangu, humu umemtukana tena mtoto wa watu. Hapa hatupokei hasira, tunapokea sababu."

Lushoto ndiko kilipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1998. Mimi darasa langu lilikuwa benchi la masjala, na haya ndiyo niliyoyapata:

Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo huenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30 tangu uamuzi utolewe. Ukichelewa, unaomba kuongezewa muda, na uwe na sababu ya maana. Chukua nakala ya hukumu mapema. Sababu ziandike kwa namba, mojamoja: hakimu alikosea wapi. Lugha isikutishe, maana tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama kisheria. Ukikwama, watafute wasaidizi wa kisheria, wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Na nyie mnaoachana kwa talaka, msijidai hayawahusu. Kifungu cha 139 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinairuhusu mahakama kumzuia mtu asimbughudhi mwenzi wake wa zamani.

Halafu usijidanganye: kukata rufaa peke yake hakufuti amri. Mimi matenga niliyazungusha bondeni, mgongo ukaniuma kweli.

Kurasa nne zikawa mistari mitano. Uliobeba yote ni mmoja: shahidi wangu hakusikilizwa. Mahakama ikakubali, hukumu ikafutwa pamoja na amri zake.

Lakini washikaji, kuna neno halijanitoka. Siku ya kusikilizwa, yule binti aliulizwa anataka nini. Akasema faini yangu haitaki, anataka usiku alale. Nikaangalia viatu vyangu.

Redio alinirudishia nje, kwenye kikapu. Njia sasa niko huru kuipita, ila karoti bado nazipitisha bondeni.

Haya, tukutane wiki ijayo!