Wanawake, Maumivu ya Nyonga na Tiba ya Sindano
Sehemu ya Pili: Kinachowapeleka

Katika sehemu iliyotangulia tulieleza habari za ile tiba ya Kichina iitwayo akyupancha, na namna fundi wake azichomavyo sindano zake, nyembamba mithili ya unywele, mahali maalumu katika mwili. Leo tumfuate mgonjwa mwenyewe, tumwulize: wewe mwanamke wa Edinburgh, mkaaji wa mji ulioshika sifa ya elimu ya utabibu tangu karne ya 18, uliye na haki ya kuonwa na daktari pasipo kulipa, ni lipi lililokufikisha hata ukaridhia kuingia katika jaribio la sindano ambazo madaktari wenyewe wangali wakibishana juu ya faida yake?

Aghalabu watu hudhani kwamba jawabu ni itikadi, yaani kwamba wanawake hao wamekwisha ziamini sindano kabla ya kuchomwa. Rai yangu ni nyingine, na ili ieleweke ni lazima kwanza tuyatazame maradhi yenyewe, yaani maumivu sugu ya nyonga.

Maumivu haya hukaa chini ya kitovu, ndani ya nyonga, na huitwa sugu yakisha kudumu miezi 6 au zaidi. Huko Uingereza hukadiriwa kwamba mwanamke 1 katika kila 6 anayo. Kwetu pwani mengi ya namna hii huitwa chango, na bibi zetu waliyachemshia mizizi bila ya kumshuku mgonjwa kuwa ni mwongo. Asili zake ni nyingi: pengine nyama iliyo mfano wa utando wa mji wa mimba huota nje ya mahali pake, na hiyo ndiyo endometriosi, pengine shida i katika kibofu, au matumbo, au misuli, au katika mishipa ya fahamu iliyozoea kupeleka habari za uchungu hata pale ambapo jeraha halipo tena. Daktari hupasua tundu dogo kitovuni, akaingiza kamera nyembamba na kutazama. Na mara nyingi haoni ila viungo vilivyo salama. Ndipo mgonjwa huambiwa, “Hatukuona kitu.” Maneno hayo ni ya kweli na husemwa kwa nia njema, lakini mwanamke aliyelala usiku kucha amejikunyata, akiyasikia, hufahamu kwamba ameambiwa hana kitu.

Na dawa je? Ziko za homoni, ila nyingi huzuia mimba, na wako wanaotaka mtoto. Iko pia gabapentini, dawa ya mishipa ya fahamu, ambayo ilitolewa kwa miaka mingi kwa maradhi haya kwa kudhaniwa kuwa itafaa. Mwaka 2020 yalitangazwa katika jarida la Lancet matokeo ya jaribio lililoongozwa kutoka Edinburgh, lililowakusanya wanawake 306 katika hospitali 39 za Uingereza: dawa hiyo haikuwapunguzia maumivu kuliko vidonge vitupu visivyo na dawa ndani, na fauka ya hayo iliwazidishia kizunguzungu na usingizi. Basi mtu aliyepita njia zote hizo, anaposikia kuna mlango mwingine, haugongi kwa itikadi. Augonga kwa kuwa mingine imekwisha fungwa.

Katika mji huohuo wa Edinburgh palifanywa jaribio dogo la matayarisho kwa wanawake 30, nalo lapendeza kwa jinsi lilivyopangwa. Waligawanywa makundi 3 kwa kura: la kwanza lilipata sindano pamoja na mazungumzo ya afya kwa mujibu wa tiba ya Kichina, la pili mazungumzo peke yake, la tatu matibabu ya kawaida ya hospitali. Kwa nini pawe na kundi la mazungumzo matupu? Kwa sababu waandaaji walitambua kwamba kuongea na mgonjwa huenda nako kukawa ni tiba. Fundi wa sindano huuliza usingizi wako, chakula chako, hedhi yako, huzuni yako, na maumivu yalianza mwaka gani na nyumbani palikuwa na jambo gani. Wala hasemi kuwa hili halihusu nyonga. Kwangu mimi hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Mwanamke huyo alikuwa amebeba habari yake kwa miaka, akiikatisha kila mara ili iingie katika dakika chache za daktari, na sasa amepata mtu wa kuipokea nzima.

Ziko sababu nyingine, nazo hazihitaji maneno mengi: sindano za kliniki binafsi zina gharama ambayo si kila mtu aiweza, na wako wanaokwenda ili binti zao wasije wakapita njia ileile.

Lakini kura haijui kiu ya mtu. Lau isingalipigwa, kila mwenye matumaini makubwa angalikimbilia kundi la sindano, na hakuna ambaye angalijua kilichowaponya ni sindano au ni matumaini. Kwa hiyo yapasa ipigwe. Hata hivyo mmoja aliyekuja akitafuta kusikilizwa huangukia kundi la tatu, akarejea nyumbani na matibabu yaleyale aliyoyakimbia. Kumweleza hayo waziwazi kabla hajatia saini ni wajibu. Kumpa sikio baada ya jaribio kwisha, ingawa hesabu haimhitaji tena, naona kuwa ni deni, na habari ya nani alilipe tutaishika juma lijalo.