Programu uliyoiacha wazi kwenye simu huenda imelala

Wakazi wa Toronto na jimbo zima la Ontario walikuwa wa kwanza nchini Canada kupata COVID Alert, programu ya simu ya kuwatahadharisha kuhusu virusi vya corona. Programu hiyo ilizinduliwa Julai 31, 2020. Kazi yake ilikuwa moja tu, kumjulisha mtu kwamba katika siku 14 zilizopita alikaa karibu na mtu aliyethibitishwa kuambukizwa.

Katika jiji hilo onyo kama hilo lilikuwa na uzito. Takwimu za idara ya afya ya Toronto zilizotolewa mwezi huo huo zilionyesha kuwa asilimia 83 ya walioambukizwa walikuwa watu wasio Wazungu, ingawa wao ni takriban nusu ya wakazi. Watu weusi, ambao ni asilimia 9 ya wakazi, walikuwa asilimia 21 ya wagonjwa. Anayepanda basi kwenda kufanya kazi kiwandani au kwenye nyumba ya wazee hakuwa na namna ya kujifungia ndani.

Lakini programu hiyo ingewezaje kukesha ikilinda, wakati mwenye simu anahamia WhatsApp, kisha ramani, kisha anaitia simu mfukoni?

Hai, nyuma ya pazia, usingizini, nje

Watu wengi hudhani kwamba programu ikishafunguliwa huendelea kufanya kazi mpaka mtu aifunge. Sivyo ilivyo.

Programu inapoonekana kwenye kioo cha simu, iko hai na hupewa nguvu zote inazohitaji. Ukihamia nyingine, ile ya kwanza husogezwa nyuma ya pazia na kupewa muda mfupi wa kumaliza shughuli zake. Kwenye iPhone muda huo kwa kawaida ni sekunde chache.

Baada ya hapo hulazwa. Bado imo kwenye kumbukumbu ya simu lakini haifanyi lolote, mfano wa mpishi aliyeambiwa asimame pale pale, mwiko mkononi. Kumbukumbu ikijaa, simu huitoa kabisa bila kumuuliza mwenyewe. Hata hivyo, picha yake hubaki kwenye orodha ya programu za karibuni, na ndiyo maana mtu huamini kuwa bado ipo.

Simu hufanya hivyo ili kuokoa chaji na nafasi. Tangu toleo la sita la Android, la mwaka 2015, simu iliyotulia mezani kwa muda hubana hata kazi za nyuma ya pazia.

Funzo kutoka Alberta

Jimbo la Alberta lilitangulia kwa programu yake, ABTraceTogether, iliyoanza Mei 1, 2020 kwa kufuata mfano wa Singapore. Kwenye iPhone, programu hiyo iliposogezwa nyuma haikuweza kuzitafuta simu za jirani ipasavyo. Watumiaji wakatakiwa kuiacha wazi kwenye kioo, simu ikiwa haijafungwa. Julai mwaka huo kamishna wa faragha wa jimbo hilo alionya kuwa hali hiyo inahatarisha siri za mtu iwapo simu itaibwa au kupotea.

COVID Alert ilifuata njia nyingine. Apple na Google, ambazo zilitangaza ushirikiano wao Aprili 2020, ziliiweka kazi ya kubadilishana alama kwa Bluetooth ndani ya mfumo wenyewe wa simu. Hivyo programu ililala, lakini simu ikabaki macho. Programu hiyo ilipakuliwa zaidi ya mara milioni 6 kabla ya kusitishwa Juni 2022.

Hata hivyo, njia hiyo ilikuwa na gharama. Wakati wa uzinduzi ilihitaji simu za kisasa kiasi, kwa upande wa iPhone kuanzia 6s. Wenye simu za zamani, ambao mara nyingi ni wazee na watu wa kipato kidogo, waliachwa nje.

Fedha ziko njiani au hazipo?

Suala hilo halikuisha na corona. Fikiria mtu aliyeko Toronto anayetuma fedha Mombasa au Kigoma. Ameshajaza jina, nambari na kiasi. Anaombwa nambari ya siri ya muda iliyotumwa kwa ujumbe mfupi. Anakwenda kwenye ujumbe, na akirudi anakuta fomu tupu. Simu yenye kumbukumbu ndogo imeitoa ile programu ili kupata nafasi.

Mzigo huo ni wa mtengenezaji wa programu. Simu humpa taarifa mtumiaji anapohama, lakini haimhakikishii taarifa nyingine kabla ya kuiua programu. Kwa hiyo anayejali wateja wake huhifadhi kilichojazwa papo hapo, pale mtu anapoondoka.

Kwa upande wa mtumiaji, yapo mambo ya kuzingatia.

Nambari ya siri ikiingia, isome kwenye tangazo linalojitokeza juu ya kioo, bila kutoka ulipo.

Usiwe na mazoea ya kufagia programu zote ili kuokoa chaji. Kuifungua programu upya kutoka mwanzo hula chaji zaidi kuliko kuiamsha iliyolala. Funga ile tu iliyokwama.

Programu ambayo ni lazima ikuite, kwa mfano ile inayomletea dereva wateja, iruhusu kwenye mipangilio ya betri ifanye kazi nyuma ya pazia.

Na iwapo programu imepotea baada ya kubonyeza kutuma, usibonyeze tena. Huenda agizo lilishafika. Tazama kwanza orodha ya miamala yako, au mpigie simu anayetumiwa, usije ukatuma mara mbili.